Zoezi la Maji na Udongo

Musoma, Jumapili, baada ya ibada.

Joto limekaa juu ya mji tangu asubuhi na upepo wa ziwani umekatika. Nimerudi kutoka kanisani, nimefunga mlango, nimekaa mezani. Kesho naitwa mbele ya kamati ya wilaya, hapa hapa mjini. Nataka kabla ya hapo niandike mambo kama yalivyokuwa, maana tangu Ijumaa nimeyasikia kwa watu mbalimbali na kila mmoja ana ya kwake.

Ninaogopa. Nianze na hilo.

Mwanzoni mwa mwaka Mkuu wa chuo alinipa kazi ya kupanga upya mazoezi ya maabara ya fizikia. Wanafunzi wetu ni wa baiolojia. Wakimaliza wanakwenda kuwa mabwana mifugo, wasaidizi wa zahanati, wengine walimu. Fizikia wanalazimika kuisoma mwaka wa kwanza, na wanaiogopa kama watu wa kwetu Mugango wanavyoogopa mamba.

"Yale mazoezi ya zamani yamewashinda," Mkuu aliniambia. "Hawa hawatajenga madaraja, Mama Mwalimu. Watatibu ng'ombe."

Niliifurahia kazi ile kuliko yoyote niliyowahi kupewa. Mazoezi ya zamani yalikuwa ya vigari kushuka kwenye ubao na mawe kuning'inia kwenye uzi. Wanafunzi walijaza namba wakaondoka, hawajaona kitu. Nikasema kila zoezi lianze na kitu chenye uhai. Tukaleta mguu wa ng'ombe kutoka machinjioni, tukauvuta kano, tukapima nguvu inayoinua kwato. Tukatoa lenzi kwenye jicho la samaki sato tukasomea nayo gazeti. Tukapitisha maji kwenye mipira myembamba na minene, tukaelewa kwa nini moyo wa mtu mwenye mishipa iliyobana unachoka mapema. Siku ile Masatu, mwanafunzi wangu wa Guta, mtu mzima mwenye mke na watoto, alicheka mwenyewe: "Kumbe hii fizikia nilikuwaga nayo nyumbani, sikujua tu jina lake."

Sharti langu lilikuwa moja. Mwisho wa kila zoezi, pamoja na jibu, lazima useme usichokijua. Kipimo chako kingeweza kukudanganya wapi? Asiyesema hilo hapati alama, hata namba zake zikiwa nzuri namna gani.

Halafu likaja zoezi la maji na udongo.

Lilikuwa zoezi jepesi. Unajaza udongo kwenye kopo la samli lililotobolewa chini, unamimina juu maji yaliyotiwa ile dawa ya zambarau ya hospitali, unatazama yanapita kwa kasi gani. Mwenye kujifunza mizizi anahitaji kulijua hilo, na mwenye kujifunza magonjwa ya maji vilevile. Wanafunzi walileta udongo wa kwao. Mchanga wa Mugango uliyapitisha maji mara moja. Masatu alileta udongo mweusi wa mbuga, ule unaoshika mguu wakati wa masika. Ili uingie vizuri kwenye kopo aliulowesha, akaukanda kama ugali. Maji ya zambarau yakasimama juu yake mchana kutwa. Chini ya kopo palikuwa pakavu.

Siku hiyohiyo, kwa bahati mbaya, tulipata mgeni.

Ndugu Wanjara ndiye anayesimamia Operesheni upande wa Bunda, yaani kuwahamisha watu kwenda kwenye vijiji vipya. Alikuja kumwomba Mkuu wanafunzi wa kusaidia kujenga nyumba za kijiji kipya. Ni mtu mchangamfu, anasalimia mpaka wapishi. Aliingia maabara akayaona makopo, akauliza ni nini. Masatu akamweleza, akamwonyesha na la kwake.

"Udongo huu wa wapi?"

"Wa mbugani, chini ya Guta, Ndugu."

"Palepale ninapohamishia watu?"

"Palepale."

Uso wake ulifunguka. Sikuelewa kwa nini, mpaka Masatu aliponieleza baadaye. Kisima cha kijiji kipya kimechimbwa bondeni, na juu yake kidogo kuna josho la ng'ombe la siku nyingi. Dawa ya josho ikichakaa inamwagwa kwenye shimo pembeni. Wazee wa Guta walikuwa wanakataa kuhama. Walisema hawatakunywa maji ya kuulia kupe. Na sasa Ndugu Wanjara alikuwa ameona kwa macho yake maji ya rangi yakishindwa kupenya kwenye kopo la udongo wa mahali hapo.

"Lakini tuliulowesha kwanza," Masatu alimwambia. "Na bado hatujui..."

Ndugu Wanjara alikuwa ameshaanza kutushika mikono, mmoja mmoja, akitushukuru.

Jumapili iliyofuata alisimama kwenye mkutano wa hadhara. Masatu alikuwa nyumbani, alisikia kwa masikio yake. Alisema wataalamu wa Musoma wamepima kwa vyombo, sumu ya josho haiwezi kukifikia kisima. Akasema mama yake mzazi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuhamia. Watu wakapiga makofi. Wiki ile nyumba za Guta zikaanza kubomolewa, malori yakaanza kubeba milango na mabati.

Wamepima. Wataalamu. Niliyarudia maneno hayo njiani kwenda darasani, na kusema kweli siku ya kwanza yalinifurahisha.

Kijiji hakijapewa jina bado. Watu wanakiita Vigingini, kwa sababu ya vigingi vilivyopigwa kuonyesha wapi ataishi nani.

Kiangazi kikakaza. Kopo la Masatu lilikuwa limesahauliwa dirishani. Siku moja nilikuwa nasafisha vyombo pamoja na wanafunzi, nikalichukua nikalikuta limekauka, udongo umejitenga na kuta, katikati umepasuka kama kisigino cha mkulima. Nikamimina maji ya zambarau, bila kufikiri, kuulainisha nipate kuutoa.

Hayakusimama hata kidogo. Yalizama kwenye ufa kama yamemezwa, na kabla sijaweka kikombe chini yakawa yanatoka chini ya kopo, zambarau ileile, yakichuruzika mezani mpaka sakafuni.

Hakuna aliyechukua tambara.

"Mwalimu," Masatu akasema polepole, "nyumbani saa hizi mbuga yote iko hivi."

Nikapanda basi kwenda Bunda pamoja naye. Ndugu Wanjara alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Nikaweka beseni juu ya meza yake, nikaweka kopo jingine la udongo mkavu, nikamimina. Aliyatazama yale maji yakitoka chini. Kisha akainuka akafunga mlango wa ofisi.

"Nani mwingine ameona hii?"

Sikulipenda swali lile. Nilimwambia darasa zima. Nikamweleza kwamba sasa hivi josho likimwagwa, dawa inaingia kwenye nyufa. Na mvua ya kwanza ikinyesha kabla udongo haujavimba na kujifunga, shimo litafurika na kila kitu kitashuka bondeni. Nikamwomba kisima kifungwe kwa sasa, watu watafutiwe maji mengine.

"Wageni wa mkoani wanakuja kufungua kijiji," alisema. "Wataonyeshwa kisima. Operesheni haiwezi kusimama kwa ajili ya kopo, Mwalimu."

"Ndugu, ni maji ya kunywa."

"Nimekusikia. Nitalishughulikia."

Tulipotoka akatuomba tumwachie lile kopo. Nikaliacha. Tulipofika stendi Masatu aligeuka kutazama tulikotoka. "Atalitupa," akasema.

Siku zikapita. Niliuliza kwa Mkuu, akanijibu kwamba niliyepaswa kumwambia nimeshamwambia. Wanafunzi wa Bunda waliorudi kutoka nyumbani walisema watu wanachota kama kawaida. Jioni mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Serengeti, yakikaa kidogo na kuondoka. Mtu gani wa nchi ya pamba anaombea mvua isije? Nilikuwa naomba hivyo. Sikumwambia mtu.

Jumatano nikaomba lori la chuo. Nikamwambia Mkuu zoezi la maji na udongo linatakiwa kufanyika uwandani, jambo ambalo ni kweli. Hakuniuliza ni uwanda gani. Nadhani alijua.

Alhamisi asubuhi tukaingia Vigingini.

Harufu ya josho inakufikia kabla hujaona nyumba. Nyumba zenyewe zimepangwa mstari kama askari, nyingi hazijaezekwa, na ndani yake watu wamekaa juu ya vitanda na sufuria zao wakitazama nje. Ardhi imepasuka kila mahali. Kwenye baadhi ya nyufa mguu wa mtoto unaweza kuingia. Ndama walikuwa wanapita pembeni, wananusa, wanarudi nyuma. Nilisimama ukingoni mwa shimo la josho nikatazama chini kilipo kisima, na wanawake wamekizunguka na ndoo na mitungi yao, wakiongea na kucheka.

Tulifanya zoezi mbele yao. Wanafunzi walijaza ndoo, Masatu akaimimina kwenye ufa mmoja karibu na shimo. Ndoo nzima ikaenda. Akamimina nyingine, nayo ikaenda, hata tope halikubaki. Halafu tukawaonyesha makopo, la udongo uliolowa na la udongo mkavu. Watu wakazidi kukusanyika.

"Mbona wataalamu walishapima?" mama mmoja akauliza.

"Wataalamu wenyewe ndio sisi," nikamjibu. "Tulipima udongo wa masika. Huu ni wa kiangazi."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kinu akanyanyuka kwa hasira. Alisema leo tunasema hivi, kesho vile. Nyumba yake ya Guta imebomolewa kwa maneno yetu, sasa tunataka arudi wapi? Wengine wakaanza kuguna, wanawake wawili wakarudi kisimani wakashusha ndoo zao. Nikaona tumekwisha.

Hapo mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni na ndoo ya maji mkononi akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Na mama yake Ndugu Wanjara, mbona yeye hachotagi hapa?"

Watu wakageukiana.

Habari ikaanza kutoka kidogo kidogo. Kila asubuhi gari linamletea pipa la maji kutoka mjini. Walidhani ni heshima tu, mama wa mkubwa. Lakini lini lilianza? Mmoja akakumbuka, mwingine akamsahihisha. Nikahesabu moyoni. Lilianza baada ya sisi kwenda Bunda na kopo.

Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwenye mstari. Hatukumwita. Alitoka mwenyewe, Bibi Nyabise, mwembamba, mrefu, amejifunga kanga mbili, akitembelea fimbo. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Alisimama mbele ya wale wanawake, akaegemea fimbo.

"Mwanangu aliniambia nisinywe maji ya hapa," akasema. "Nikamuuliza kwa nini, hakunijibu. Akaniambia nisimwambie mtu. Nimekunywa maji ya pipa, nanyi mnapita mlangoni kwangu na mitungi, mnanisalimia. Nimeona aibu kila siku."

Akamgeukia yule mwenye mtoto. "Yamwage, mwanangu."

Yule mwanamke akamwaga. Wa pili naye. Maji yakatafuta nyufa yakapotea miguuni mwetu. Mzee wa kwenye kinu ndiye aliyekwenda kuita vijana, na tulipokuwa tunapanda lori walikuwa wanaburuta magogo kuyalaza juu ya kisima. Maji sasa wanachota ziwani. Ni mbali, na wanaotoka alfajiri wanakutana na fisi.

Sijawahi kuona zoezi la wanafunzi likifanya kazi namna ile. Na sikufurahi hata kidogo.

Ijumaa mvua ikanyesha.

Ilinyesha kwa kishindo, mji mzima ukawa giza mchana. Katikati ya mvua hiyo Mkuu aliniita ofisini. Nimeshitakiwa kwa kuwachonganisha wananchi na viongozi wao na kuchelewesha Operesheni. Kamati itakaa Jumatatu. Aliniambia hayo akitazama dirisha, na namjua, si mtu mbaya. Ana mke mgonjwa na watoto wengi. Halafu akasema kuna njia. Niseme kwamba kipimo cha kwanza ndicho sahihi. Hiki cha pili kiliharibiwa na mwanafunzi, Masatu, kwa kuwa kwao ni Guta na ndugu zake hawakutaka kuhama.

"Ataondolewa yeye," alisema. "Wewe utabaki, na mazoezi yako yatabaki. Fikiria vijana watakaokuja, wangapi watasoma kwa mpango wako."

Naandika hili kwa aibu: sikukataa palepale. Nilisema nitafikiri. Nilitoka nikatembea kwenye mvua mpaka maabara, nikaketi kati ya makopo, nikafikiri kweli. Niliona jinsi ningelisema. Maneno yalinijia vizuri kabisa, yamepangika.

Jana habari zikaja kutoka Vigingini. Shimo lilifurika. Asubuhi dimbwi lililotuama pembeni mwa kisima lilikuwa linanuka josho, na mbuzi wa jirani yake Bibi Nyabise walikunywa hapo. Walikufa kabla ya mchana, wote, midomo ina povu. Mbwa mmoja pia.

Mtu aliyekufa hakuna. Naandika tena: mtu hakuna.

Nilidhani habari hiyo ingemaliza maneno. Haikumaliza. Jana jioni mjini watu walikuwa wanasema kwamba wapinzani wa Operesheni ndio waliotia sumu, na kwamba mwalimu mmoja mwanamke alionekana pale siku moja kabla, na lori la wanafunzi, wakimimina vitu ardhini.

Kweli tulionekana. Kweli tulimimina.

Leo baada ya ibada nilimkuta Masatu ananisubiri nje ya kanisa, kofia mkononi. Nikamwambia yote aliyoniambia Mkuu, sikuacha hata neno. Nilitegemea atakasirika.

"Mwalimu, mimi nikifukuzwa nitalima pamba," akasema. "Nilikuwaga mkulima. Ila ukisema nilikosea kupima, kesho kutwa wataondoa yale magogo. Wageni wa mkoani watakuja, watu wataambiwa wachote waonyeshe. Na mke wangu yuko pale."

Sikujua kwamba mke wake naye amehamishiwa Vigingini. Miezi yote hii, hakuwahi kusema.

Basi nimeamua. Kesho nitasema tulichokiona, cha kwanza na cha pili, na nitasema ni mimi niliyepanga zoezi na mimi niliyewapeleka. Masatu nitamtaja kama mwanafunzi wangu aliyefanya kazi yake vizuri. Kikitokea kitakachotokea kitanikuta nimesimama upande huo. Sijui watanifanya nini. Wapo waliohamishiwa mbali sana kwa makosa madogo kuliko hili, na wapo ambao hatujui walihamishiwa wapi.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye kuandika nikasikia hodi. Nilishtuka mpaka wino ukamwagika kidogo. Nilidhani wamekuja leo badala ya kesho.

Alikuwa Bibi Nyabise. Amepanda basi la Bunda peke yake, matope yamemfika magotini, ana kifurushi cha viazi vitamu cha kunizawadia. Ndugu Wanjara hajui kwamba yuko Musoma. Nimempa maji ya kuoga na uji, sasa amekaa kwenye kiti changu, fimbo mapajani, ananitazama nikiandika. Nimemwambia arudi kwa mwanawe, asijiingize kwenye jambo hili, umri wake umekwenda, apumzike. Amenisikiliza kwa adabu kama watu wazima wanavyowasikiliza watoto.

"Kesho Wanjara atakuwepo?" ameniuliza.

"Atakuwepo, mama. Yeye ndiye mwenye mashitaka."

Mkono wake umepapasa fimbo. Macho yamemjaa maji lakini hayakumwagika.

"Nimemzaa mwenyewe," amesema. "Basi mnikalishe mbele, mahali ambapo hataweza kuacha kuniona."